Buni Ndani ya Redio

Redio ya kijiji cha Izigo ilirudi Bukoba mjini kwa mara ya tatu siku ya Jumatatu, imezongwa majani makavu ya mgomba na kufungwa kamba, na Klaudia Kokubanza akaikuta juu ya meza yake ya kazi. Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Mara ya pili unaweza kuisingizia barabara. Mara ya tatu, hata watu wapole huanza kumwangalia fundi.

Na fundi mwenyewe alikuwa wa kuangaliwa kweli. Mwaka huo wa 1973 serikali ilikuwa imesambaza redio vijijini ili watu wakae kwa vikundi wasikilize masomo ya afya: kuchimba vyoo, kuchemsha maji, kufyeka majani karibu na nyumba. Redio zilikuja nyingi, mafundi hawakuja. Yule mmoja aliyekuwapo alipohamia Mwanza, ofisi ilibaki na kabati zima la redio bubu. Hapo ndipo Klaudia alipojitokeza mlangoni, msichana wa miaka ishirini na saba, hana cheti, ana chuma cha kulehemu ndani ya mkoba wa ukindu. Alipoulizwa amesomea wapi, alisema utawani.

Hakusema uongo. Alikuwa amekaa konventi miaka mitano, na huko kulikuwa na Sista Gaudensia, Mholanzi mzee aliyetunza jenereta, redio na kila kitu chenye waya. Sista huyo alimchagua Klaudia kwa sababu ya vidole vyake vyembamba. Wenzake wakidarizi vitambaa vya altare, yeye alikuwa ameinama juu ya redio iliyofunguliwa tumbo, anajifunza njia ya umeme ilivyo na mahali inapokatikia. Aliipenda kazi ile kuliko sala, na alipogundua hivyo alilia wiki nzima. Mwezi mmoja kabla ya nadhiri akaomba ruhusa ya kuondoka.

Asiyezijua nyumba za Wahaya Wakatoliki za miaka ile hawezi kuelewa maana ya kurudi kutoka utawani. Baba yake, Apolinary Lwakatare, alikuwa katekista wa Izigo, na siku Klaudia alipopokelewa na masista alichinja fahali na kulisha kijiji. Aliporudi, baba hakumfukuza wala hakumgombeza. Hakumuuliza chochote tu. Miezi minane walikula chakula kilichopikwa chungu kimoja bila yeye kuulizwa neno lolote, mpaka mama yake, Anatolia, akamwambia aende mjini kwa shangazi, labda hewa ya huko ingemfaa.

Mkuu wa ofisi alikuwa Gamaliel Mushumbusi, Mlutheri, mtu wa maneno machache. "Mimi Mlutheri," alimwambia siku ile ya kwanza. "Mambo ya kutoka utawani hayanihusu. Nitengenezee hii." Klaudia aliitengeneza kwa dakika arobaini. Akapewa miezi sita ya majaribio. Wafanyakazi wengine walimwita Sista, kwa mzaha, naye aliitika, maana jina baya lenye mshahara ni afadhali kuliko jina zuri la njaa.

Sasa ilikuwa imebaki siku nne tu miezi sita itimie. Juu ya meza ya Gamaliel kulikuwa na barua ya kijana anayeitwa Ishengoma, mwenye cheti cha ufundi kutoka Dar es Salaam, akiomba kazi hiyohiyo.

Klaudia alikata kamba, akaondoa majani, akafungua skrubu nne za mgongoni. Alijua atakachokiona. Ndani ya redio kuna visahani vyembamba vya bati vinavyopishana mtu anapozungusha kitufe cha kutafutia stesheni. Vinapishana bila kugusana, na vikigusana redio haishiki stesheni yoyote, inakoroma tu. Katikati ya visahani hivyo, imekaza vizuri kama iliyopigiliwa, kulikuwa na punje moja ya buni.

Mara ya kwanza alizikuta mbili. Akaandika kwenye fomu: panya. Mara ya pili aliikuta moja, akaandika tena panya, na safari hiyo akashona wavu wa waya wa mbu juu ya matundu yote ya nyuma. Sasa wavu ulikuwa mzima, haujaguswa, na buni imo.

Aliitoa kwa kibano akainusa. Ilikuwa buni iliyochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa, akamwani, ile kahawa ya kutafuna inayowekwa mbele ya mgeni kila nyumba ya Kihaya. Panya hana chungu cha kuchemshia kahawa. Klaudia alikuwa ameisikia harufu hiyo tangu mara ya kwanza, na tangu mara ya kwanza alikuwa amekataa kuisikia, kwa sababu redio ya Izigo ilikuwa inakaa katika nyumba moja tu, yenye sebule kubwa na mwenyeji mwenye heshima. Ilikuwa inakaa kwa Apolinary Lwakatare.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliwaza hivyo, akaona aibu, akawaza tena. Baba anajua nani anatengeneza redio za mkoa. Baba anajua kwamba redio ikiendelea kufa, fundi atarudishwa nyumbani, na msichana aliyerudishwa nyumbani mara mbili hana tena pa kwenda isipokuwa konventi au kwa mume atakayetafutiwa. Punje moja tu ya kahawa ingetosha kwa kazi hiyo.

Gamaliel alikuja akasimama nyuma yake. Aliitazama ile buni iliyokuwa juu ya meza.

"Panya tena?"

"Hapana, mzee."

"Afadhali. Nilianza kuwaogopa panya wa Izigo." Hakucheka. "Ndugu Klaudia, mimi sina ugomvi na kazi yako. Lakini wakubwa wakiniuliza kwa nini nimemwacha mwenye cheti, nitawaonyesha nini? Fomu mbili za panya? Nataka chanzo. Ijumaa asubuhi, kwa maandishi, chanzo chenyewe. Kama ni ufundi hafifu, andika. Kama ni uzembe wa mtunzaji, andika jina lake, redio ihamishwe, naye aitwe mbele ya mkutano wa kijiji."

"Na nisipokijua?"

"Basi Ishengoma atakijua."

Jumatano alipanda basi la Muleba, redio mapajani, akaikumbatia njia nzima kila gari liliporuka shimo. Alikuwa amevinyoosha visahani kimoja kimoja kwa ncha ya kisu, ameijaribu siku mbili, inaimba. Kilichomtesa hakikuwa redio. Alikuwa akipanga atakayomwambia baba yake, na kila alipofika kwenye sentensi ya kwanza ilimponyoka. Unaanzaje kumuuliza mzazi kama anakuhujumu? Kwa Kiswahili cha ofisini angeweza. Kwa Kihaya, amepiga magoti kama binti anavyosalimia, maneno hayo hayakuwepo.

Alifika saa tisa alasiri. Anatolia alimpokea kwa kumshika mashavu, akarudi haraka jikoni kugeuza ndizi. Baba alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake, miguu juu ya majani mapya yaliyotandikwa sakafuni. Klaudia alipiga magoti akasalimia. Mzee akaitikia, akauliza basi lilikuwaje, akauliza shangazi hajambo. Kisha akanyoosha mkono, si kwake, kwa redio.

"Imepona?"

"Imepona, Tata."

"Iweke mahali pake."

Mahali pake palikuwa meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cheupe, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Klaudia aliiweka. Alingoja. Kando ya kiti cha baba kilikuwepo kikapu kidogo chenye mfuniko, kikapu cha buni, kile kinachofunguliwa hata akija mtoza ushuru. Hakikufunguliwa. Akaenda jikoni, na alipofika huko mama yake alimpa kisu na ndizi za kumenya bila kumtazama usoni.

Somo lilikuwa linaanza saa kumi na moja jioni. Ilipokaribia, Klaudia alisikia baba akisimama. Watu walikuwa bado hawajafika. Aliweka kisu chini akaenda mpaka mlango wa katikati, akachungulia.

Baba alikuwa amenawa mikono, maji yakimchuruzika vidoleni. Aliifuta mikono kwa kanzu. Akafungua kikapu, akachagua, akarudisha punje moja, akachagua nyingine, akaipangusa kwa kidole gumba mpaka ikang'aa. Kisha akaiendea redio, akainama kidogo, na kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeushika wa kulia kiwikoni kwa heshima, akainua pembe ya kile kitambaa cha mbele kinachofunika spika, akaidumbukiza buni ndani.

"Karibu," alisema, kwa sauti ya chini.

Klaudia alikuwa amekuja na hasira ya siku tatu, imekunjwa vizuri, iko tayari. Sasa hakujua aiweke wapi.

"Tata."

Mzee aligeuka kama mwizi. Wakatazamana. Klaudia alikuwa hajawahi kumwona baba yake akiona haya, na alitamani asingemwona.

"Unanichunguza?"

"Natafuta kinachoiua redio."

"Na kinachoiua ni nini?"

"Hiyo buni. Inakaa kati ya visahani. Nimeitoa mara tatu."

Mzee alitazama redio, akatazama mkono wake. Alikaa. Akasema kwa hasira, kama watu wakubwa wanavyofanya wakiwa wamekosea.

"Usinione mjinga. Najua hamna mtu ndani. Nimesoma mimi, nimefundisha watu kusoma. Lakini sauti ya mtu imetoka Dar es Salaam, imepita nchi yote, inaingia nyumbani kwangu jioni na kusema, hamjambo wananchi. Inanisalimia mimi na nyumba yangu. Niitikie mikono mitupu? Siku za kwanza nilikuwa naweka buni juu yake, kwenye kitambaa. Jirani yetu Rugaibula akaona, akacheka, akasema Lwakatare analisha sanduku. Ndipo nikawa naiweka ndani kabla watu hawajaja."

"Hukujua kwamba inaiharibu?"

"Ningejua, ningefanya? Niliona inakufa, nikasema labda mgeni hakuridhika. Nikawa nachagua zilizo nzuri zaidi."

Klaudia alikaa chini kwenye majani. Kicheko kilimjia, nyuma yake kikafuata kilio, vyote viwili akavimeza. Huyu mtu hakuwa amemchimbia shimo. Huyu mtu alikuwa hamfikirii kabisa. Alikuwa akikaribisha sanduku kila Jumatano na kila Jumamosi lilipokuwa zima, kwa mikono miwili, kwa buni za kuchagua, na binti yake mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kikapu hichohicho saa mbili zilizopita na kikapu kikakaa kimefungwa. Ilimuuma kuliko kama angekuwa amehujumiwa. Mtu anayekuhujumu angalau anakuwaza.

Aliitoa ile buni palepale, na watu walipofika redio ikasema vizuri, na somo lilihusu nzi.

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, alitoa fomu mkobani akaitandaza juu ya kiti. Baba alikuwa mbele yake. Kwenye mstari wa *Chanzo cha ubovu* Klaudia aliandika polepole: *Lehemu ya fundi ililegea. Kosa la fundi.* Aliandika bila kufikiri sana, kama mtu anayeruka mto akijua atalowa. Angemtaja vipi? Katekista, miaka thelathini akisimama mbele ya watu Jumapili, asimamishwe mkutanoni kujibu kwamba alimpa redio ya serikali kahawa. Rugaibula angeishi na kichekesho hicho mpaka kaburini.

"Nisomee," mzee alisema.

"Ni mambo ya ofisi, Tata."

"Nisomee."

Akamsomea. Mzee alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata herufi.

"Hii ikifika, watakufanya nini?"

"Wataniachisha. Yuko kijana mwenye cheti."

"Na ukiandika lililotokea?"

Akamwambia lote: jina, redio kuhamishwa, mkutano. Mzee alikuwa anatikisa kichwa taratibu, wala haikujulikana anakubali au anakataa. Jikoni Anatolia alikuwa ameacha kukoroga sufuria ili asikie.

"Ulipotoka kwa masista," alisema mwishowe, "nilisema, huyu amemdanganya Mungu miaka mitano. Nilikukasirikia kwa hilo. Si kwa fahali, kama mama yako anavyodhani. Kwa uongo." Akairudisha fomu. "Sasa unataka kudanganya tena, tena kwa jina langu, ndani ya nyumba yangu. Futa."

"Watakucheka, Tata."

"Watacheka. Futa."

Alifuta. Karatasi ilichanika kidogo pale alipofutia. Akaandika upya: *Buni iliingizwa kwa mbele na mtunzaji, Apolinary Lwakatare, kwa desturi ya kukaribisha mgeni. Mtunzaji hakujua madhara.* Mzee aliangalia mpaka kalamu iliposimama. Hakusema amefanya vizuri. Alisimama akaenda shambani kuangalia migomba, ingawa hakuna cha kuangalia migombani saa hiyo.

Ijumaa Gamaliel aliisoma fomu amesimama. Aliisoma mara mbili. Wafanyakazi wawili walikuwa wamemkaribia nyuma, wakasoma juu ya bega lake, na mmoja akaanza kucheka, "Kampa redio akamwani," na mwenzake akashika tumbo. Klaudia alisimama mikono nyuma, masikio yanawaka. Kila mcheko aliusikia ukienda Izigo.

"Lwakatare huyu ni nani kwako?" Gamaliel aliuliza. Jina hilo alikuwa ameliona kwenye faili la Klaudia.

"Baba yangu, mzee."

Kicheko kikakatika. Gamaliel alikunja fomu, akaifungua tena, kana kwamba hakuwa na hakika anataka kuishika.

"Ungeweza kuandika lingine."

"Niliandika. Nikafuta."

Gamaliel alifungua droo akatoa barua ya Ishengoma, akaiandikia kwa kalamu nyekundu kwamba nafasi imejazwa. Kisha akamwandikia Klaudia barua mbili. Moja ilisema amethibitishwa kazini kuanzia tarehe moja. Ya pili ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji cha Izigo: redio ihamishiwe kwa Ndugu Rugaibula, aliyekuwa wa pili kwenye orodha ya watunzaji, na mtunzaji wa zamani aeleze mbele ya wanakijiji.

"Fundi ndiye anayesimamia uhamisho," Gamaliel alisema, bila kumtazama. "Ni utaratibu. Pole."

Jumatano iliyofuata, kazi ya kwanza ya Klaudia akiwa mwajiriwa kamili ilikuwa kwenda kuitoa redio nyumbani kwa baba yake. Mzee hakumngoja afike mlangoni. Alikuwa amevaa kanzu ya Jumapili, redio ameifunga kwa kitambaa cheupe cha meza, na aliibeba mwenyewe kifuani kupita katikati ya migomba, watu wakiwa wamesimama pembeni ya njia. Klaudia alitembea hatua mbili nyuma. Huko kwa Rugaibula mkutano ulikuwa umeshakaa. Mzee alieleza kwa sentensi nne, amesimama wima. Watu walicheka, kama ilivyotarajiwa. Rugaibula alicheka kwa muda mrefu kuliko wote, mpaka akakohoa. Kisha mwenyekiti akasema yameisha, watu wakae, saa imefika.

Mzee alichagua kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye benchi la vijana.

Klaudia aliiweka redio juu ya meza ya Rugaibula, akatazama visahani mara ya mwisho, akafunga skrubu, akawasha. Alizungusha kitufe kwa vidole viwili. Kwa miezi sita alikuwa ameiota sauti hiyo: safi, bila mkwaruzo, kama mtu aliyekaa chumbani. Ilitoka hivyohivyo. Ikasema, hamjambo wananchi.

"Hatujambo," wakaitikia wote kwa pamoja, wanaume, wanawake na Rugaibula mwenye machozi ya kicheko.

Klaudia aligeuka kumtafuta baba yake. Alikuwa amekaa mikono imelala wazi juu ya magoti, mitupu, macho kwenye viganja. Hakuitikia, na somo zima, lililohusu namna ya kuchimba choo, hakuinua kichwa, na redio haikukoroma hata mara moja.